Kadi za Kivuli cha Kijani

Mama mwenzangu, kama una mtoto anayekusanya kadi za picha, zile zinazotoka ndani ya pakiti za chingamu, nisikilize kabla hujazigusa.

Binti yangu Severa alikuwa nazo sitini na nne. Wenzake wa Mtaa wa Sikukuu walitafuta wachezaji mpira na magari ya mashindano. Yeye hapana. Alikuwa radhi kutoa wachezaji watatu wapya apate ndege mmoja aliyekunjika pembe.

"Wenzako wanakucheka," nikamwambia.

"Wacheke tu. Mama, hebu tazama kivuli cha huyu korongo. Si cheusi, ni kijani. Na cha huyu nyati pia. Aliyewachora ni mtu mmoja, nami nakusanya zake tu."

Nilitazama, sikuona chochote. Kwangu ilikuwa karatasi ya kufungia utamu.

Chingamu zenyewe zilikuwa za magendo. Shemeji yangu alizipitisha mpakani Tarakea, kwetu Rombo, ndani ya magunia ya maharage, na mume wangu Theophil akaziuza dukani kwa kificho. Mwaka jana msako wa walanguzi ulipoanza, watu wakawa wanatupa sabuni na dawa za meno mitaroni, Theophil alihakikisha haibaki hata pakiti moja. Chingamu zikaisha, kadi zikabaki. Nikawa kila nikiona kadi naona pakiti aliyouza mume wangu.

Kuzichoma niliogopa. Moshi uani kwa siku zile ungeleta maswali, na nyumba yetu ina wapangaji sita. Basi Severa alipokuwa shule nilichukua lile kopo la maziwa alimozitunza, nikaenda nyumba ya pili kwa Nasor, muuza vitambaa, nikampa binti yake Hamdiya, mtoto wa miaka minane.

"Dada Severa amekua sasa. Kakuachia wewe."

Mtoto alifurahi mpaka akanibusu mkono. Severa aliporudi nikamwambia nimezichoma. Hakulia. Aliuliza tu, "Hata korongo?" Nikasema hata korongo.

Sikukusudia kumuumiza Nasor. Nilijiambia, muuza vitambaa nani atamshuku kwa chingamu? Sikufikiri kwamba muuza vitambaa ndiye atakayeshindwa kueleza zimetoka wapi.

Jumanne wakaja mgambo pamoja na Mzee Fikirini, mjumbe wetu wa nyumba kumi. Kwa Nasor hawakukuta la maana, vipande vitatu vya sabuni na lile kopo. Wakalimwaga kibarazani, mtaa mzima tumesimama.

"Mzee Nasor, kumbe na ndevu zako zote bado unacheza na picha," mgambo mmoja akamtania. Kisha akakaza sauti. "Hizi zimepita mpaka gani?"

Hamdiya akajibu yeye. "Kanipa Mama Severa."

Macho yote yakanigeukia. Nikasema, "Huyo mtoto anaota. Kwangu hakuna kadi."

Mgambo akamwita Severa. "Binti, ni zako hizi?"

Severa alikuwa amekwisha kumwona korongo, yuko juu ya zote. Akanitazama. Mkono wangu ulikuwa begani kwake, nikaubana.

"Si zangu," akasema.

Fakhriya, mke wa Nasor, akamvuta Hamdiya kwake. "Nyamaza, mwanangu." Nasor akachukuliwa na kanzu yake ya nyumbani, hata viatu hakuvaa.

Siku nne Severa alikula kwa kuwa nimemwambia ale. Siku ya tano asubuhi akanijia jikoni. "Mama, wakiniuliza tena nitasema ni zangu."

Nikaenda kwa Fakhriya. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua uso.

"Mama Hamdiya, nimekuja kuomba radhi."

"Kwa lipi, jirani?"

"Zile kadi nilizileta mimi."

"Najua. Miaka yote mwanao anakuja kuzitandaza kwenye jamvi langu, nitaacha kuzijua?"

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Nimwite Severa mwongo mbele ya watu?" Akapepeta ungo. "Maneno yalikuwa yako, mtoto alitumwa tu. Nenda ukayaondoe kule. Mimi hapa hayanisaidii."

Nilimweleza Theophil mchana, dukani. Alikaa juu ya gunia.

"Mkisema, mimi ndiye nitakayeingia."

"Najua, Baba Severa."

"Na mtoto mwenyewe?"

"Anataka kusema."

"Basi mwache aseme." Akafunga duka, akavaa shati, tukaenda wote watatu.

Ofisini kwa mgambo hawakutuamini. Yule mgambo alisema Nasor katununua tumwokoe. Akachukua kadi za Severa, akazichanganya na nyingine walizokusanya kwenye nyumba za watu, zaidi ya mia mbili, akazimwaga sakafuni.

"Kama ni zako, zitoe."

"Ziko sitini na nne," Severa akasema, akapiga magoti.

Hakuwa na haraka. Aliinua moja, akaipeleka kwenye mwanga wa dirisha, akaiweka kando. Nyingine. Akashika moja ya chui, akaifikiria. "Hii nzuri, lakini kachora mtu mwingine." Akairudisha. Baba yake alikuwa amesimama mlangoni, na kila kadi iliyowekwa kando ilikuwa inamsogeza kwenye kile chumba alichokuwamo Nasor. Severa alilijua hilo. Nikamwomba Mungu mtoto akosee, hata tatu, waseme anabahatisha, waturudishe nyumbani.

Mzee Fikirini akazihesabu mara mbili. Sitini na nne.

Nasor alirudi Ijumaa ya wiki iliyofuata. Theophil hadi ninapoandika haya yuko ndani, na duka limefungwa. Severa ananipokea ndoo, ananisalimia vizuri, ila kitu anachokipenda hanionyeshi tena.

Ndiyo maana nakuandikia. Keti na mwanao, akuonyeshe anachokiona kwenye zile picha, umjue. Na ukishikwa na hofu, kaa nayo nyumbani kwako. Usiifunge kama zawadi ukaipeleka kwa jirani.