Kinundu cha Meza

Dada yangu hufanya kazi ya kupokea wagonjwa kwenye dirisha la hospitali. Kutwa anaandika majina na kuita, "Anayefuata!" Alinisomesha tangu sekondari mpaka chuo kikuu kwa mshahara wa dirisha lile, na yeye mwenyewe hakuwahi kwenda mahali ambapo hakuna ndugu wa kumpokea. Nilipohitimu nilimsumbua mpaka akaomba likizo. Tukabeba mabegi mgongoni, tukashuka basi moja na kupanda jingine, hadi tukafika kwenye kijiji kimoja cha pwani ambako watu wazima huamka asubuhi kwenda kucheza na mawimbi.

Dada alishangaa sana. Barabara ni mchanga mtupu. Mbao za kutelezea juu ya mawimbi zimeegemezwa ukutani kila nyumba, kama ngazi za mafundi rangi. Duka la mkate lilikuwa limefungwa, na mlangoni kuna kibao: NIKO MAJINI.

"Hawa watu wanafanya kazi saa ngapi?" aliuliza.

"Mawimbi yakiisha," alijibu mama mwenye nyumba ya wageni, akitupa funguo. "Na yakiisha, wanapumzika kwanza."

Siku zote tulizokaa pale, dada alijaribu kusimama juu ya ubao. Alipewa ubao mkubwa kuliko yote, mpana, wa njano, ambao kijiji kizima kinauita Meza. Nyingine zilikuwa nyembamba, za wenyewe wanaojua. Alipanda Meza akaanguka, akapanda, akaanguka. Alirudi ufukweni na mchanga masikioni, anacheka kwa namna ambayo sikuwa nimemwona akicheka nyumbani. Mimi nilikuwa nimejiapiza kimoyomoyo kwamba hataondoka pale kabla hajasimama, hata mara moja. Sikuwa na zawadi nyingine ya kumpa.

Jioni ya kuamkia siku ya kuondoka, Meza ilipinduka ikajigonga kwenye mwamba, ikapata ufa katikati, upande wa juu.

"Si neno," alisema fundi wa mbao, jirani wa mama mwenye nyumba, mtu mwenye nywele zilizochomwa na chumvi. "Asubuhi naiziba. Basi lenu ni la mchana. Utapata muda kabla maji hayajakupwa."

Kesho yake alimimina gundi kwenye ufa, akaulaza ubao kwenye kona yenye giza ya kibanda chake. Akamweleza dada kwamba gundi ile inaganda kwa jua, kwa hiyo ikae kivulini mpaka atakaporudi kutoka majini ailainishe. Halafu akaenda zake kuogelea. Mimi wakati huo nilikuwa nimesimama nje ya duka la mkate, namsubiri mwenye duka atoke baharini.

Niliporudi dada alikuwa chumbani anafunga mabegi. Nikachungulia kibandani, nikaona Meza imelala gizani, imelowa, inang'aa. Nikajisemea, hivi itakauka lini? Nikaibeba kwa uangalifu wote wa duniani, nikaisimamisha ukutani penye jua kali, karibu na banda la kuku wa mama mwenye nyumba. Nikarudi ndani kunywa chai, nimeridhika na nafsi yangu.

Fundi alipofika aliita, "Nani ameanika ubao?"

Gundi ilikuwa imeteremka, ikajikusanya na kuganda. Katikati ya Meza palitokea kinundu kigumu chenye ukubwa wa ndimu. Ndani yake, umenaswa vizuri kabisa, unyoya mweupe wa kuku.

"Mimi," nikasema.

"Basi utasugua wewe. Hapa aliyeharibu ndiye anayesugua, hata angekuwa mama yangu." Akanipa msasa. "Umesomea nini, kijana?"

Nikamwambia. Akatikisa kichwa kwa heshima, akaenda kula.

Nilisugua mpaka vidole vikawaka. Kinundu hakikushuka. Huko nje mawimbi yalikuwa mazuri, na mstari wa maji ulikuwa unarudi nyuma. Dada akaja akaketi juu ya ndoo.

"Msomi, unalia?"

"Vumbi."

"Vumbi la unyoya?" Akanitazama. "Hivi nani kakwambia lazima nisimame?"

"Nilitaka upate kitu kimoja, dada. Kimoja tu kisicho cha dirishani."

Kisha akaninyang'anya msasa, akapitisha kiganja juu ya ubao. "Inatosha. Mguu utazoea."

"Bado kina ncha!"

"Hata mimi nina ncha. Beba huko mbele."

Tukaibeba Meza mpaka majini. Fundi alisimama ufukweni na kipande cha mkate mkononi. Wimbi la kwanza likamtupa dada. La pili likamzamisha kabisa, nikaona miguu tu. Alipoibuka akaligeukia lile lililokuwa linakuja, akapaza sauti ile ile ya kazini: "Anayefuata!"

Fundi akapaliwa na mkate.

Wimbi likamwinua. Dada akapiga magoti, akaweka mguu mmoja, akaweka wa pili, akasimama. Alikuwa amejikunja kama mtu anayetafuta hereni sakafuni, mikono imetanuka, lakini alisimama. Haukupita muda wa kuvuta pumzi mbili. Akaanguka kwa ubavu, mdomo wazi.

"Ni kinundu!" alipiga kelele akitoka majini. "Nilikikanyaga, nikajua mguu uko wapi!"

Fundi alisema katika maisha yake hajamwona mtu aliyesimamishwa na kuku. Mimi mpaka leo sijui kama dada alisema kweli au alikuwa ananifuta machozi.

Tulikimbilia mabegi, nywele zake zinachuruzika. Nikakumbuka msasa, nikarudi mbio kibandani, nikauokota kando ya ndoo. Fundi alikuwa ameshaitundika Meza ukutani, unyoya umeelekea mlangoni.

"Sijamaliza kusugua," nilisema. "Na basi linaondoka."

Akaupokea msasa, akautundika kwenye msumari uleule ulioshika Meza.

"Hautaguswa na mtu," alisema. "Utamalizia mkirudi."

Nilimwambia dada ndani ya basi. Akaanza kuhesabu kwa vidole miezi iliyobaki hadi likizo nyingine.