Sukari ya Saa Saba

Saa saba ya Chengo ilikuwa saa saba. Haikuwa saa saba kasorobo, wala "saa saba saba hivi" ya watu wanaochelewa kisha wanacheka. Tangu akiwa na miaka kumi na mmoja, alipogunduliwa kuwa na kisukari, mchana alikuwa akijidunga insulini saa saba kamili, halafu anakula kabla dakika thelathini hazijaisha. Asipokula, sukari mwilini hushuka, na ikishuka sana mtu hufa. Sasa alikuwa na miaka ishirini na tatu na hakuwa amekosea hata siku moja. Ule usonji wake, uliomletea kila jina la kejeli alipokuwa shuleni Kinango, kwa jambo hilo ulikuwa mlinzi wake.

Alifanya kazi ya kukunja taulo katika hoteli moja ya Diani, na alikuwa akijidungia stoo ya mashuka, mlango umefungwa. Dada yake Purity ndiye aliyemfunza hivyo. "Sindano ni siri, Chengo. Watu wakiiona watasema maneno." Naye Chengo akiambiwa jambo, hulishika kama lilivyo.

Jumanne hiyo maji yalikatika hotelini, wafanyakazi wa dobi wakarudishwa nyumbani. Saa saba ikamkuta Ukunda, hana stoo wala mlango. Akaitafuta siri, akaipata nyuma ya ukuta wa nyumba mbovu, karibu na kibanda cha chai cha Eunice. Akaketi, akaweka kopo lake la wali na maharagwe kando, akainua shati, akajidunga tumboni.

"Leo tumekupata!"

Alikuwa Feisal, mwendesha bodaboda. Mdogo wake alikufa kwa unga wa kulevya mwaka uliopita, nyuma ya ukuta huo huo, sindano bado iko mkononi. Tangu hapo Feisal na wenzake watatu walikuwa wameapa kwamba pale hatakaa teja tena. Mmoja wao akalipiga teke lile kopo, wali ukatapakaa mchangani.

Chengo aliutazama wali. Wao hakuwatazama, maana macho ya watu humchoma. "Dakika thelathini," alisema.

"Dakika thelathini za nini? Twakuuliza, wafanya nini hapa?"

Alipigwa kofi, na kofi lile likamfukuzia maneno yote. Ndivyo alivyo, akishikwa kwa nguvu, ulimi hufunga. Akaanza kupigapiga viganja hewani kama afanyavyo kelele zikizidi, nao wakadhani anataka kupigana. Rungu likamshukia ubavuni, akasikia mfupa ukivunjika. Walimburura hadi mbele ya kibanda, wakamfunga kwenye nguzo kwa mpira wa kufungia mizigo ya bodaboda. Watu wakajaa. Watu wazima, wenye watoto wao majumbani, waliacha shughuli zao wakaja kumpiga mtu wasiyemjua hata jina. Aliyekosa fimbo alitumia kiatu.

Mikono yake ilifungwa kwa mbele, kwa hiyo saa yake aliiona. Saa saba na nusu ikapita. Damu ilikuwa ikimwingia jichoni, lakini kilichomtisha ni ule mshale wa dakika uliokuwa ukizunguka. Ilipofika dakika ya arubaini jasho likammiminika na mwili wote ukaanza kumtetemeka.

"Arosto hiyo!" mtu akapiga kelele. "Mwaona? Imempanda!"

Pwani nani asiyeijua arosto? Teja akikosa unga hutetemeka vivyo hivyo. Wakacheka. Chengo akatafuta neno, akatafuta, akalipata moja.

"Sukari."

Kicheko kikazidi, kwani mateja na vitu vitamu hawaachani. Feisal hakucheka. "Hata mdogo wangu aliila kwa kiganja," alisema, machozi yakimlengalenga, kisha akampiga rungu la mdomo. Meno mawili yakaanguka.

Mtu akataja petroli. Mwingine akaikimbilia kama aliyetumwa dawa ya mgonjwa.

Kopo la sukari lilikuwa juu ya meza ya Eunice, hatua tatu tu. Chengo aliona giza likimjia pembeni mwa macho, na akajua likifika katikati basi. Akajitupa mbele kwa nguvu zote. Mpira ule ukavutika, ukachomoka kwenye nguzo. Kijana mmoja akamdaka, Chengo akamng'ata mkono hadi akaachia. Akaiangukia meza, chai ya moto ikamwagika, sukari ikamwagika. Akalala kifudifudi akairamba pamoja na mchanga na damu yake. Walimpiga mateke ya mgongo. Akaramba. Wakamkanyaga shingo. Akaramba.

Ndipo Eunice, aliyekuwa amenyamaza muda wote huo, jambo ambalo hatajisamehe, akalinyanyua birika la maji ya moto.

"Atakayemgusa tena namwagia uso! Huyu ni mgonjwa wa sukari, nyinyi wajinga! Mamangu alikuwa hivi hivi!"

Walisimama. Dakika kumi baadaye mtetemeko ulikwisha, na arosto haitibiwi kwa sukari, kila mtu pale alilijua hilo. Yule wa petroli alirudi akitweta, na hakuna aliyempokea dumu.

Alhamisi, Mwero, mzee wa mtaa, alipiga hodi kwa Purity, Chengo alikokuwa akiuguzwa. Nyuma yake alikuwa Feisal, na kama ilivyo ada ya kumjulia hali mgonjwa, amebeba paketi mbili za sukari.

"Shikamoo, mzee," alisema Purity.

"Marahaba, mwanangu. Tumekuja kuomba radhi. Vijana walikosea. Chengo, baba, sema yameisha."

Purity alimkazia macho ndugu yake. Alitaka akubali, maana bado walilazimika kuishi na watu hawa.

"Hayajaisha," alisema Chengo. "Mbavu zinauma."

Akaitazama saa, akatoa sindano. Purity akainuka haraka kwenda kushusha pazia.

"Usifunge. Nilijificha, wakanipiga."

Akalivuta shati juu ya michubuko, akajidunga mbele yao wote. Purity akamwekea sahani. Feisal akazisogeza zile paketi. "Pokea, ndugu yangu."

Chengo akamtazama usoni, ingawa kulimchoma.

"Sukari niliiomba Jumanne," alisema, "saa saba na dakika arubaini na moja."