Mita Mia Sita za Juu

Siku ya tatu baada ya maziko ya Bi Alawiya, mhandisi Gakii alirudi kwenye korongo nyuma ya mji wa Faza na utepe wa kupimia. Ukuta wa bwawa aliouchora mwenyewe ulikuwa umebomolewa na mafuriko, umelala vipande vipande. Chini yake, ilipokuwa nyumba ya marehemu, palibaki kizingiti na matope.

Abdulwahid, mwanawe marehemu na fundi aliyeujenga ukuta, alikuwa amechuchumaa akisugua kipande cha zege kwa kidole.

"Mchanga ulikuwa na chumvi, zege likalegea," alisema bila kuinua uso. "Nilidhani nimeuosha vya kutosha. Mamangu nimemuua kwa mikono yangu, Bi Gakii."

Gakii aliuvuta utepe toka ukutani, akipanda na korongo hadi kwenye kisima cha wenyeji: mita mia sita. Mwaka jana, alipopima, alikomea hapo, kwa kuwa kila aliyemuuliza alimwambia mkondo unaanzia kisimani. Kwa urefu huo alikadiria bonde dogo, na kwa bonde dogo akachora mlango mdogo wa kutolea maji yanayozidi.

Leo hakukomea. Juu ya kisima ilipanda njia ya mashamba, imezama kati ya kingo mbili. Mvua ilikuwa imeifagia. Kokoto zilizolainishwa na maji zilifichuka, na majani yaliyosombwa yalinasa kwenye miiba kimo cha kiuno. Aliifuata hadi ilipoishia. Mita mia sita nyingine.

Urefu maradufu. Lakini mkondo ukirefuka, bonde lake hupanuka pia: ardhi iliyomwaga maji pale ilizidi makadirio yake mara tatu.

Alishuka.

"Bwana Abdulwahid, pale juu ya kisima ni mto."

"Ile ni ndia ya mashamba! Twapita na punda." Alicheka kwa uchungu. "Nyinyi wa bara mwaona mito kila mahali."

"Nilipaswa kuuona mwaka jana. Sikupanda kutazama. Hata ungejenga kwa chuma, maji yale yangeung'oa ukuta. Kosa ni langu, na ndivyo nitakavyoandika kwenye ripoti."

Abdulwahid aliinuka, kipande cha zege mkononi.

"Mwaka mzima umekunywa chai kwa mamangu."

"Ndiyo."

"Kaandike. Kwangu usije tena."

Alikitupa kipande cha zege matopeni. Kisha akaitazama mikono yake, mbele na nyuma, kama mtu aliyerudishiwa kitu alichokwisha kukikatia tamaa.