Mtihani wa Muuza Kabichi

Sikuiona beji. Mtu ambaye kwa miaka ishirini na sita amewafundisha wanafunzi kutazama muhuri kabla ya kusoma waraka hakuiona beji ya shaba, kubwa kama kisosi, iliyoning'inia kwenye mkanda wa mgeni aliyesimama hatua moja mbele yake. Nakiri hilo mapema, kwa kuwa yote yaliyofuata yalitokana nalo.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya mafunzo katika tamasha letu hapa Wisconsin, Marekani, ambapo kila kiangazi shamba la mahindi hugeuzwa kuwa kijiji cha Uingereza cha miaka mia nne na hamsini iliyopita. Waigizaji wapya tulikuwa wawili na nafasi ilikuwa moja: kibanda cha kabichi. Mshindani wangu, Delphine Kowalke, alikuwa msaidizi wa daktari wa meno. Mimi niliitaka nafasi ile kuliko nilivyowahi kuutaka uprofesa. Darasani wanafunzi wangu husinzia; hapa, niliwaza, watu wangelipa kiingilio ili wanisikilize.

Winifred, mwongozaji wetu, alikuwa na sheria mbili. Kila kitu cha kisasa hufunikwa gunia, na mwanakijiji hatoki katika uhusika wake hata anyeshewe mvua ya mawe. Ili kutupima, aliwatuma rafiki zake, wamevaa kama watu wa leo, waje kutughilibu. Mmoja aliniuliza nenosiri la intaneti. Nikamwelekeza kwa padri. Mwingine alimuuliza Delphine ni saa ngapi, naye akautazama mkono wake usio na saa. Nilikuwa naongoza.

Ndipo akaja bwana mnene mwenye faili, akauliza mtungi wa kuzimia moto uko wapi. Nikamjibu kwamba kwetu moto huzimwa kwa sala na ndoo. Akauliza ni nani aliyewasha tanuri la mwokaji. Mungu, nikasema, kwa mkono wa mwokaji. Akaomba kumwona mkuu wa mahali hapa. Nikamweleza kwa masikitiko kwamba Malkia amekwenda kuwinda na siku ya kurudi haijulikani. Akasema anaweza kulifunga tamasha zima. Nikamwambia tauni ilishajaribu, mara tatu, kisha nikampa kabichi.

Ng'ambo ya njia Delphine alikuwa akinikonyeza, akitikisa kichwa, akipitisha kidole shingoni. Nilizichukulia kuwa hila za mtu anayeshindwa. Mwishowe alivuka na kunishika mkono wa joho. Kwa kuacha uigizaji na kuvuka tu amejiondoa mashindanoni, nikafikiri, na nikamhurumia kidogo.

"Profesa, acha. Huyu ni mkaguzi wa zimamoto. Wa kweli."

Nikamgeukia mgeni. "Msamehe, bwana wangu. Binti huyu amekula uyoga wa kutia wazimu."

Mkaguzi aliandika jambo katika faili lake. Aliandika kwa muda mrefu.

Winifred alifika mbio, ameinua sketi zake zote, na kwa mara ya kwanza katika wiki nne akazungumza kama mtu wa Wisconsin. Hapo ndipo niliponywea.

"Bwana Gunderson, mtungi upo. Uko kwenye kibanda hiki hiki."

"Wapi, mama?"

Winifred alinitazama. "Profesa, hebu inuka."

Nilikuwa nimeukalia tangu asubuhi. Ulikuwa ndani ya sanduku lililofunikwa gunia, nami niliona ni kigoda kizuri, ingawa kigumu.

Mkaguzi alitupa hadi Jumatatu kurekebisha mambo, akaondoka na kabichi yake kwapani. Winifred aliketi juu ya lile sanduku, akakumbuka, akasimama tena.

"Katika wote niliowahi kuwafunza, hakuna aliyeweza kukufikia," aliniambia kwa upole. "Ndiyo maana siwezi kukuweka karibu na watu, Profesa wangu."

Msimu huo Delphine ndiye aliyeuza kabichi. Mimi nilipewa fulana ya njano na kazi ya kuelekeza magari maegeshoni, na kila gari lilikwenda nilikolielekeza.