Jivu Si Kijivu

Mimi nikiandika jivu, nina maana ya jivu. Lile lililotapikwa na volkano enzi na enzi, likafunikwa na lava, likashindiliwa mpaka likajifanya jiwe. Ukilishika kavu utaapa ni gumu. Lilowe uone.

Kazi yangu ni kusoma mawe yanayotolewa na mashine ya kutoboa ardhi. Kule kilimani, juu ya mtaa anaokaa mama yangu, tulitoboa mashimo matatu: mita mbili za lava, chini yake mita tisa za jivu. Nikaandika hivyo hivyo, nikampa injinia wetu, nikaenda kutoboa kwingine miezi minane.

Narudi leo, naikuta ripoti yake mezani: "Mita mbili za lava, mita tisa za mwamba wa kijivu." Yaani mtu mzima na shahada zake kaliona neno langu, kadhani nimesahau "ki", kanisahihishia Kiswahili. Jamani, rangi! Na juu ya rangi hiyo wameshajenga tangi la maji la mji mzima.

Damu ilinichemka. Nikachukua kipande cha sampuli stoo, nikamwingilia ofisini bila hodi. Akaniambia nipunguze jazba, herufi mbili zisitugombanishe, na kwani jiwe lenyewe si la kijivu kweli? Nilikitumbukiza kile kipande kwenye glasi yake ya maji. Kikatoa mapovu, kikapasuka, kikawa uji.

"Tangi lina maji?" nikamuuliza.

"Wamelijaza jana. Linavuja kidogo kwa chini. Nilitaka kutuma fundi kesho."

Kesho, anasema. Nikamwamuru apige simu tangi lifunguliwe, maji yamwagikie upande wa pili wa kilima, na watu waondolewe, mimi nikampigia mama. Alipokea anacheka. Maji yametoka, mwanangu, miaka yote tunabeba ndoo, leo bomba linamwaga uani na majirani wote wako kwake wanafua. Nikamwambia kilima kitaporomoka, atoke. Akasema haraka haraka haina baraka, amalize mashuka kwanza.

Nilimtukana. Mama yangu mzazi, aliyeninyonyesha, nilimporomoshea tusi ambalo hata walevi huliogopa. Kisha nikamsikia akiwaambia majirani waache kufua, wamsindikize wote mpaka ofisini kwangu, sasa hivi, kuna mtoto wa kufunzwa adabu.