Asilimia Mia ya Mahudhurio

Muhula wa kwanza nilihudhuria vipindi vyote, asilimia mia, na kwenye mtihani nikapata tisa. Tisa kwa mia. Mtu akijaza majibu kwa kubahatisha, tena amefumba macho, atapata zaidi ya hapo.

Nijieleze, maana najua nitaitwa mvivu. Mimi nafua mashuka ya hospitali. Huu ni mwaka wa kumi na mbili niko chumba cha chini, kati ya mashine sita, mvuke na dawa ya kutoa madoa. Dawa hiyo ndiyo iliyonila kifua. Daktari aliyenipiga picha ya mapafu hakumung'unya maneno: nitoke kule chini upesi, la sivyo nitapandishwa wodini nikalalie mashuka niliyoyafua mwenyewe. Msimamizi wangu, mtu muungwana, akaniambia kuna nafasi ghorofa ya pili, kwenye ofisi ya kumbukumbu za wagonjwa. Ila huko hawapokei mtu asiye na cheti.

Chuo kinachotoa hicho cheti kiko safari ya saa tano na wanafunzi wake hulala bweni. Kazini wangenipa likizo ya masomo. Nyumbani nani angenipa? Mama amepooza upande mmoja, na kila baada ya saa mbili lazima ageuzwe, asije akachubuka mgongo. Nikiwa kazini jirani yangu fundi cherehani huja kumgeuza, nikirudi ni zamu yangu. Kwa hiyo niliposikia chuo hichohicho kinafundisha kwa mtandao, nilijiandikisha siku ileile, bila kumuuliza mtu wala kujiuliza mwenyewe.

Sasa sikia nilivyosoma. Sisi wa chumba cha chini tuna mazoea yetu: ukishapakia mashuka, ukafunga mlango wa mashine na kubonyeza kitufe, kazi inafanyika. Huna haja ya kusimama kuyakodolea macho. Basi mimi na masomo nikafanya vivyo hivyo. Simu mfukoni, kijispika sikioni, nabonyeza, mwalimu anazunguka. Kipindi kikiisha alama ya kijani inawaka, nami nasema moyoni, mzigo mmoja umetoka safi. Miezi minne mizima. Niliwaringia wenzangu mpaka wakaniita Profesa wa Sabuni.

Nilipopata tisa waliacha kuniita hivyo, kwa huruma, na huruma yao iliniuma kuliko ile tisa.

Kwa mtihani wa marudio nilipiga moyo konde. Nilisogeza meza kando ya kitanda cha mama, nikanunua daftari, nikasoma kama watu. Nafungua ukurasa, mama anataka maji. Narudi, kikohozi kinanishika. Kikiachia, usingizi. Ukurasa mmoja niliusoma mara saba na mara ya saba ulikuwa bado mgeni. Nikamwandikia mwalimu kwamba sielewi jinsi magonjwa yanavyopewa namba zake kwenye faili. Baada ya siku tisa akajibu: "Rejea somo la tatu." Somo la tatu ndilo lililonichanganya! Nililia mbele ya simu, na simu haina hata aibu ya kugeuka pembeni. Nikapata ishirini na mbili.

Ndipo chuo kikaleta barua. Nimebakiza nafasi moja tu, nikishindwa tena jina langu linafutwa na sipokelewi kamwe. Kabla ya kuendelea nijaze fomu kwenye simu, mwisho Jumamosi saa sita mchana, kupima kama masomo ya mtandaoni yananifaa, kisha nichague: mtandaoni au bweni.

Jumamosi hiyo nilikaa kitandani miguuni pa mama nikasoma maswali kwa sauti, maana nikisoma kimya sielewi. Una mahali tulivu pa kusomea? Unaweza kujisimamia bila mwalimu kukuona? Ukikwama, una wa kumuuliza? Kidole kilikuwa tayari kimeelekea kwenye ndiyo, ndiyo, ndiyo. Ningeweza hata kuwaandikia kwamba nina maktaba.

"Usidanganye," mama akasema. Maneno yake hutoka upande mmoja wa mdomo, taratibu, lakini hayapotei njia.

Nikajibu ukweli. Hapana tisa kati ya kumi. Simu ikafikiri kidogo, ikaniambia masomo ya mtandaoni hayanifai, ninashauriwa kuhamia bweni. Nikampigia mshauri wa chuo, binti mwenye sauti ya upole, aliyenieleza kwamba amewaona wengi kama mimi, na wakikaa mbele ya mwalimu huamka.

"Na mama yangu nimgeuze kwa mtandao?" nikamuuliza.

Akanikumbusha, bila ubaya, kwamba fomu inafungwa saa sita. Ilikuwa saa tano na nusu.

Nilikata simu. Mshika mbili moja humponyoka, hilo nalijua tangu utotoni. Ila hakuna aliyewahi kuniambia ufanye nini kama moja ni pumzi yako na ya pili ni mama yako.

"Nipeleke kwa kaka yako," mama akasema.

Kaka yangu si mtu mbaya. Ni mtu wa kesho. Mwaka jana alimchukua mama miezi miwili, na mkewe anaogopa kumshika mgonjwa. Alimrudisha na kidonda nyongani chenye upana wa kiganja, kilichochukua miezi mitano kufunga. Mama anakijua kidonda hicho kuliko mtu yeyote. Na bado alisema, kisha akanitazama, akasubiri nikatae.

Nilijua anasubiri. Maneno ya kukataa nilikuwa nayo mdomoni: mama, acha mzaha, huendi popote. Lakini kifuani mwangu mlikuwa na kitu kibaya, na kitu hicho kilikuwa furaha. Nikatazama sakafu. Sikusema chochote, na muda ukapita, mrefu kupita kiasi.

"Haya," akasema mama.

Nikabonyeza bweni.

Saa yake ya kugeuzwa ilikuwa imefika. Nikapitisha mkono chini ya bega na mwingine chini ya nyonga, nikamlaza upande wa ukutani, nikamwekea mto mgongoni. Tangu augue hajawahi kunishukuru kwa hilo; hunigombeza tu kwamba mikono yangu ni ya baridi.

"Asante, dada," akaniambia, kama alivyokuwa akiwaambia wauguzi alipolazwa.