Kopo la Vifungo

Mtaani walimwita Mpimamvua. Kazi yake ofisini ilikuwa kukokotoa ni kiasi gani cha balaa la mvua kimeletwa na joto la dunia. Kukokotoa alijua, kusema ndiko kulikomponza. Mwaka jana, baada ya mafuriko, aliitwa redioni, akatamka kwa madaha, "Hii ilikuwa mvua ya miaka mia." Akatoka ameridhika, kumbe amejipalia makaa.

Siku ya pili shangazi yake, fundi wa nguo, aliviteremsha tena vyerehani vyake vitatu chumba cha chini, palepale maji yalipomfika magotini.

"Si wewe uliyesema miaka mia?" shangazi alimwuliza kila alipolalamika. "Basi imeshapita. Itakayofuata itanikuta nimeoza."

"Sivyo inavyohesabiwa, shangazi."

"Ungesema inavyohesabiwa."

Kilichomuudhi Mpimamvua ni kwamba shangazi alisema kweli. Vyerehani vile ndivyo vilivyomsomesha, na sasa msimu wa mvua ulibakiza wiki mbili. Alimletea ripoti yake ya kurasa arobaini. Shangazi akazikata umbo la kola za kupimia vitambaa.

Jumamosi Mpimamvua akachukua kopo la vifungo la shangazi, akalimwaga, akarudishia vyeupe tisini na tisa na chekundu kimoja.

"Kila mwaka unachota kimoja. Chekundu ni mafuriko. Ukishakitazama, unakirudisha."

"Hata chekundu?"

"Hata hicho. Mvua haikumbuki kama ilishakuja."

Shangazi akachota mara kumi, vyeupe vitupu, akaanza kucheka. Alipoinama kuokota uzi, Mpimamvua akadondosha vyekundu vinne ndani.

"Umetia vingapi?" shangazi akauliza bila kugeuka. Fundi yule, kifungo kikianguka, alijua kwa mlio tu ni cha shati au cha koti.

"Vinne."

"Unanichezea shere kwenye kopo langu?"

"Ndiyo habari ya zile kurasa ulizokatia kola. Watu tumechoma mafuta na makaa, dunia imepata joto, kopo limetiwa vyekundu. Kimoja kilikuwemo tangu enzi za babu. Vinne ni vya kwetu."

Shangazi akachungulia ndani ya kopo. "Na kilichonilowesha mwaka jana, kilikuwa cha babu au cha kutiwa?"

"Hakuna wa kukuapia. Ila vinne kati ya vitano ni vya kutiwa."

Asubuhi yake Mpimamvua aliamshwa na mguu wa cherehani ukigonga kitanda chake, maana shangazi alikuwa akivipandisha, na nyumbani mwao chumba cha juu kilikuwa kimoja tu, nacho ni chake. Kufikia jioni shangazi alikuwa amepita nyumba kwa nyumba na kopo, akiwafanyia majirani hila ileile, na mtaa mzima ukapandisha magodoro na mafriji.

Msimu ukaja na mvua za kawaida. Maji hayakugusa hata kizingiti. Majirani wakamjia juu shangazi kwamba amewahangaisha bure, na Mpimamvua, mgongo ukimuuma kwa kulala amejikunja kati ya vyerehani, akaona aibu iliyomfanya atazame chini.

Shangazi hakubishana nao. Alileta kopo, akalitikisa, akafungua kifuniko.

"Mwaka huu tumechota cheupe, nacho nimekirudisha. Anayetaka kushusha friji lake, achote kwanza cha mwakani."

Wakatazamana. Hakuna aliyetia mkono.